Kusomea haki jinai ukiwa Nyanza, Magharibi au Nakuru: anza na kazi, kozi ifuate

Shahada ya kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu na haki jinai, haikupi sare ya polisi, joho la wakili wala koti jeupe la maabara. Nalisema mapema kwa sababu vijana wengi wanaoulizia kozi hii, na wazazi wao, huwa na mojawapo ya kazi hizo tatu akilini, na zote tatu zina njia yake nyingine ya kuingilia. Si kwamba kozi ni mbovu. Ni kozi nzuri, na inafundishwa karibu na nyumbani. Lakini ukiichagua kwa kudhani ndiyo tikiti ya kuingia chuo cha polisi cha Kiganjo, utamaliza miaka minne ukiwa na cheti na usijue pa kukipeleka.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia mwisho. Kazi kwanza.

1. Amua unataka kufanya kazi gani

Tuanze na polisi. Kuwa konstebo hakuhitaji shahada. Matangazo ya kuajiri makurutu huomba Mkenya mwenye D+ ya KCSE (mtihani wa kidato cha nne), mwenye afya njema, asiye na rekodi ya uhalifu, wa umri wa miaka 18 hadi 28, na wenye shahada huongezewa hadi 30. Mara mojamoja huduma hiyo huajiri waliohitimu chuo kikuu moja kwa moja kama makadeti wa cheo cha inspekta, na hapo shahada ina uzito. Vilevile polisi aliye kazini akisoma kriminolojia jioni au kwa masomo ya mbali hujiongezea nafasi ya kupanda cheo. Lakini ikiwa moyo wako uko kwenye sare na si kwenye vitabu, usitumie miaka minne na pesa za mzazi kutafuta kitu ambacho D+ na mbio za asubuhi zingekupa.

Wakili, kiongozi wa mashtaka na hakimu wote huanzia kwenye shahada ya sheria. Utahitaji wastani wa C+ na angalau B kamili katika Kiingereza au Kiswahili. Kabarak pale Nakuru wana kitivo cha sheria, Moi wanacho Eldoret, Kisii vilevile. Ukimaliza unaenda Kenya School of Law jijini Nairobi, unafanya mtihani wa Baraza la Elimu ya Sheria, na unakaa miezi 6 chini ya wakili ukijifunza kazi kabla ya kuapishwa. Zamani polisi ndio waliosimamia mashtaka mengi katika mahakama za mahakimu. Siku hizi kazi hiyo iko mikononi mwa mawakili wa Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ofisi inayopata nguvu zake kutoka kifungu cha 157 cha Katiba. Kwa hivyo usikubali mtu akuambie kwamba kriminolojia ni "njia ya mkato ya sheria". Haiko njia hiyo.

Maabara je? Ukitaka kupima damu, sumu au DNA, somea kemia, biokemia au biolojia ya molekuli. Mkemia wa Serikali ana maabara Kisumu, na DCI (idara ya upelelezi wa jinai) wana maabara yao kuu ya uchunguzi Nairobi. Wote wanatafuta wanasayansi. Kama ulipata A ya kemia na unapenda mambo ya ushahidi, kriminolojia itakupotezea hiyo A.

Sasa, kriminolojia yenyewe inafaa kwa kazi zipi? Urekebishaji wa wahalifu (ndio huku kwetu tunaita probesheni), usimamizi wa magereza, utafiti wa uhalifu, mashirika ya kusimamia polisi na kupambana na ufisadi, idara za ulaghai katika benki na sako, usimamizi wa usalama katika viwanda, hospitali na mashamba makubwa, na mashirika yanayosaidia waathiriwa wa dhuluma. Orodha inaendelea, lakini probesheni ndiyo ningependa uielewe vizuri, kwa sababu watu wachache wanajua kwamba ipo na ndiyo inayolingana zaidi na kile utakachosoma darasani.

Chukua kijana amekiri kuiba kuku watano wa jirani. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 275, inampa hakimu uwezo wa kumfunga hadi miaka 3. (Angeiba mbuzi, ingekuwa kifungu cha 278, wizi wa mifugo, hadi miaka 14. Orodha ya wanyama wa kifungu hicho ina ngamia, punda, nguruwe na hata mbuni, lakini kuku hayumo. Mwulize mhadhiri wako kwa nini. Ni swali zuri la semina.) Kabla ya kutoa hukumu hakimu anaweza kuagiza ripoti ya afisa wa probesheni. Afisa anampigia chifu simu, anapanda bodaboda hadi kijijini, anaketi na mama wa kijana.

"Shikamoo mama. Natoka mahakamani, nimekuja tuongee kidogo kuhusu kijana."

"Karibu mwanangu. Mtamfunga?"

"Bado, mama. Hakimu anataka kujua nyumbani hali iko namna gani."

Anauliza kijana aliacha shule darasa gani, anakunywa nini, analala wapi. Halafu, na hapa ndipo maafisa wavivu hushindwa, anaenda kwa mwenye kuku. Mwenye kuku akisema "huyo akirudi hapa tutamchoma", hilo lazima liingie kwenye ripoti. Mwisho afisa anapendekeza: kifungo, au uangalizi wa probesheni, ambao sheria inaruhusu kwa miezi 6 hadi miaka 3, au utumishi wa jamii chini ya sheria ya 1998, ambapo kijana atafagia soko au kulima shamba la shule akirudi kulala kwao. Hakimu halazimiki kuyafuata mapendekezo hayo. Lakini ripoti iliyoandikwa vizuri husomwa, na ile ya kunakiliwa hujulikana.

Ukisoma kisa hicho ukahisi kwamba ungependa kuwa yule aliye juu ya bodaboda, endelea na hatua zinazofuata. Ukihisi kinachosha, nakushauri ufikirie tena kabla ya kujaza fomu.

2. Pima alama zako bila kujidanganya

Shahada inahitaji C+ ya KCSE, diploma C-. KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, hawaangalii wastani peke yake. Wanahesabu pointi za klasta kutokana na masomo manne yanayolingana na kozi, kiwango cha juu kikiwa 48. Ingia kwenye tovuti yao, andika neno *Criminology*, na uangalie kozi zote zinazojitokeza pamoja na pointi ambazo mwanafunzi wa mwisho kupokelewa mwaka uliopita alikuwa nazo. Usitafute jina moja tu: chuo hiki wataiita kriminolojia na masomo ya usalama, kile wataiunganisha na haki jinai, na kwingine utaikuta pamoja na usimamizi wa usalama. Fungua maelezo ya kila moja.

Aliyepata C au C- asikate tamaa. Diploma ipo, na vyuo vingi hukubali mwenye diploma nzuri kuingia shahada. Njia ni ndefu zaidi, basi.

3. Chagua chuo kwa kuangalia kilicho karibu nacho

Kwa eneo letu, viwili vinavyotajwa kwanza ni Egerton, Njoro, wenye kriminolojia na masomo ya usalama, na Masinde Muliro, Kakamega. Ukiwa tayari kwenda mbali kidogo, Dedan Kimathi pale Nyeri wana taasisi nzima ya kriminolojia, uchunguzi wa ushahidi na usalama.

Watu hulinganisha vyuo kwa jina na kwa hosteli. Mimi ningelinganisha kwa taasisi za haki zilizo karibu, kwa sababu hapo ndipo utakapofanya mafunzo ya nyanjani na mradi wako wa mwisho. Mwanafunzi wa Njoro ana mahakama na magereza ya Nakuru mjini kwa nauli ya matatu moja, na gereza la Naivasha lenye ulinzi mkali liko ndani ya kaunti hiyohiyo. Wa Kakamega ana gereza la Shikusa na taasisi ya Borstal ya Shikusa, mojawapo ya chache nchini zinazopokea vijana waliokosana na sheria. Kisumu kuna gereza la Kodiaga, kuna mahakama kubwa hadi Mahakama ya Rufaa, na kuna ofisi za kanda za IPOA (mamlaka ya kusimamia polisi) na EACC (tume ya kupambana na ufisadi).

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, hakikisha kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kwa sheria, hakikisha pia kitivo kina leseni ya Baraza la Elimu ya Sheria.

4. Pesa

Ukiwekwa na KUCCPS katika chuo cha umma, omba ufadhili na mkopo kupitia mfumo ulioanza 2023: maombi hufanywa kwenye tovuti ya HEF, na mkopo hutoka HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Jaza hali halisi ya nyumbani, kwa sababu ndiyo inayoamua kiasi utakachopata. Basari za NG-CDF (hazina ya maeneo bunge) na za kaunti ni ndogo, lakini huziba pengo la karo. Fomu zake hupatikana kwa wiki chache tu, kwa hivyo mwombe mtu wa nyumbani akae macho.

5. Jua utakachosoma

Mwaka wa kwanza utashangaa jinsi pingu zilivyo chache na vitabu vilivyo vingi. Utakutana na Cesare Beccaria, Mwitaliano aliyeandika 1764 akipinga mateso na adhabu ya kifo, na kusema kwamba kinachozuia uhalifu ni uhakika wa kuadhibiwa kuliko ukali wa adhabu. Utakutana na Lombroso, aliyepima mafuvu ya wafungwa karne ya 19 akiamini kwamba mhalifu huzaliwa hivyo, na utajifunza kwa nini alikosea. Kisha saikolojia, sosholojia, sheria ya jinai, sheria ya ushahidi, haki za watoto, elimu ya waathiriwa. Na takwimu. Takwimu ndizo huwaangusha wengi, na ndizo zitakazokupa kazi, kwa sababu mtu anayeweza kuchukua rekodi za matukio za kituo kimoja na kuonyesha ni siku gani na saa ngapi pikipiki huibwa ana kitu cha kumwuzia mwajiri yeyote.

Soma sheria zenyewe, si nukuu za mwenzako. Kanuni ya Adhabu, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018, Sheria ya Watoto ya 2022, iliyopandisha umri wa kuwajibika kwa kosa la jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Zote ziko bure kwenye tovuti ya Kenya Law, pamoja na hukumu za mahakama. Anza na ile ya Mahakama ya Upeo katika kesi ya Muruatetu ya Desemba 2017, iliyosema kwamba jaji hawezi kulazimishwa na sheria kutoa adhabu ya kifo kwa kila kosa la mauaji. Ni ndefu, lakini inaeleweka.

6. Nenda mahakamani, Jumatatu

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na haina gharama ila nauli. Mahakama za Kenya ziko wazi kwa umma. Isipokuwa kesi za watoto na baadhi ya ushahidi wa makosa ya kingono, unaruhusiwa kuingia, kuketi nyuma na kusikiliza. Zima simu, vua kofia, inama kidogo unapoingia na kutoka. Usirekodi.

Kwa nini Jumatatu? Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiisha nje ya muda wa mahakama, afikishwe siku ya kwanza ya kazi inayofuata. Kwa hivyo waliokamatwa Ijumaa usiku, Jumamosi na Jumapili wote huletwa asubuhi moja. Iwe Kisumu, Winam, Nakuru au Kakamega, utaona benchi limejaa: wa chang'aa, wa kupigana, wa simu ya wizi, mwenye deni la nyumba lililogeuka kuwa kesi ya kujipatia pesa kwa ulaghai.

Sikiliza jinsi mashtaka yanavyosomwa. Karani anasoma, anatafsiri kwa Kiswahili au kwa Dholuo, anauliza: ni kweli ama si kweli? Mtu anajibu "Ni kweli." Kiongozi wa mashtaka anasoma maelezo ya kosa. Hakimu anauliza kama maelezo hayo ni sawa. Mshtakiwa anasema, "Ni sawa mheshimiwa, lakini yeye ndiye alianza kunipiga." Hapo hakimu mwangalifu anasimama na kuandika kwamba amekana. Ile "lakini" imebadilisha kila kitu, maana mtu anayedai alikuwa anajitetea hajakiri kosa. Utaratibu huo uliwekwa wazi katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973, na wanafunzi huusoma kama sheria kavu. Ukiuona ukitokea kwa mtu aliyevaa malapa, hausahauliki.

Angalia pia dhamana. Wawili wameshtakiwa kosa moja na kupewa masharti sawa. Mmoja analipa saa hiyohiyo na kwenda nyumbani, mwenzake anarudishwa rumande kwa kukosa pesa ambazo kwa mwingine ni za chakula cha mchana. Umepata mada ya mradi wa mwisho hapo. Nyingine ziko nje ya mahakama: wizi wa mifugo mpakani kati ya Nyakach na Kericho, au ulaghai wa simu kwa mawakala wa M-Pesa. Chagua unayoweza kuifikia kwa matatu, na ambayo watu wake watakubali kuongea nawe kwa lugha yao.

7. Panga atachimenti mapema

Vyuo vingi hutaka miezi miwili au mitatu ya mafunzo ya nyanjani. Wanafunzi wengi huanza kutafuta nafasi wiki mbili kabla, kisha huishia kwenye ofisi ya mjomba wakipiga fotokopi. Anza muhula mmoja kabla. Utahitaji barua ya chuo, nakala ya kitambulisho, wasifu wa ukurasa mmoja na bima ya ajali, ambayo chuo hukuandalia. Peleka maombi kwa probesheni, magereza, ofisi ya watoto, mahakama na ofisi ya kaunti ya mkurugenzi wa mashtaka. Peleka mwenyewe, uliza jina la afisa anayeshughulikia, na urudi baada ya wiki mbili.

Ukipata, omba kuandika. Afisa mwenye mafaili mengi atafurahi kupata mtu wa kumwandalia rasimu ya ripoti. Na siri za watu zibaki ofisini: jina la mtoto uliyemkuta kwenye faili halifai kufika kwenye kundi la WhatsApp la darasa, hata kwa utani.

8. Ongeza kitu kimoja ambacho wenzako hawana

Kimoja tu, lakini ukifanye vizuri. Anayeelekea benki au sako afikirie mtihani wa uchunguzi wa ulaghai wa KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu. Anayetaka utafiti ajue programu za takwimu, Excel na SPSS, hadi usingizini. Anayetaka probesheni au ustawi wa watoto ajifunze ushauri nasaha. Lugha nazo ni mali: afisa wa Kisumu anayejua Dholuo na Kinandi, au wa Bungoma anayejua Kibukusu na Kisabaoti, husikia mambo ambayo mkalimani huyaacha nje.

9. Kutafuta kazi

Nafasi za probesheni hutangazwa na Tume ya Utumishi wa Umma (PSC), za mahakama na Tume ya Huduma za Mahakama. Magereza huajiri kwa zoezi la wazi la kuajiri kama polisi, na mafunzo yako Ruiru. PSC pia huwa na mpango wa uanagenzi wa mwaka mmoja wenye posho kwa waliohitimu. Omba hata kama unaona posho ni ndogo, kwa sababu tajriba hiyo huhesabiwa. Sekta ya binafsi haisubiri tangazo. Viwanda vya sukari, mashamba ya maua Naivasha, maduka makubwa na kampuni za ulinzi, ambazo sasa zinasimamiwa chini ya sheria ya 2016, huajiri wanaojua kuandika ripoti ya tukio na kukagua kamera.

Mtu akikuambia nafasi ya ukurutu inauzwa, ondoka. Sheria ya Hongo ya 2016 humshtaki anayetoa kama anavyomshtaki anayepokea, na wewe ndiwe unayetafuta kazi ya kulinda sheria hiyo. Kuna wazazi huku waliouza ng'ombe kumlipa mtu aliyejiita "wa ndani", na hadi leo simu yake imezimwa.

Waajiri wa serikali huomba stakabadhi tano: cheti cha maadili mema kutoka DCI, cha ulipaji ushuru kutoka KRA (mamlaka ya ushuru), na idhini za HELB, EACC na CRB (shirika la rekodi za mikopo). Cheti cha DCI unakianzia eCitizen, unalipa, kisha unapeleka alama za vidole. Huduma Centre za Kisumu, Kakamega na Nakuru hufanya kazi hiyo. Kikikaa mwaka mmoja, huwa kimepitwa na wakati, kwa hivyo usikichukue siku ya mahafali kama huna tangazo mkononi. Cha HELB ndicho huchelewesha watu: anza kuwalipa au uzungumze nao mapema, maana tangazo la PSC huwa na siku chache, na idhini haitoki usiku wa mwisho.